Aliyepanga Pakiti

"Zishike tu, afande," Hamed alisema. "Haziumi."

Inspekta Mwanamkasi Simai hakuogopa karata. Alichokiogopa ni kesho asubuhi, ambapo kijana aitwaye Haitham angesimamishwa mahakamani kwa wizi wa karata hizo hizo, kwa sahihi yake yeye Mwanamkasi. Tangu juzi sahihi ile ilikuwa inamkereketa moyoni, na hilo halikuwa jambo la kawaida kwake. Alishatia sahihi nyingi na akalala vizuri.

Walikuwa wamekaa nyuma ya duka la Hamed, Mkunazini, duka la kompyuta ambako vijana hulipia kusoma barua pepe, kisha hubaki mpaka jioni wakicheza karata. Hamed alidai kwamba yeye ndiye aliyeuleta mchezo ule Unguja. Kila kijana wa Mji Mkongwe aliyewahi kufika Maskati mwaka ule wa 2003 alidai hivyo hivyo, kwa hiyo Mwanamkasi hakuliandika.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Qais Darwesh wa Malindi alikwenda kituoni akasema pakiti yake ya karata imeibwa kwenye mtoto wa meza, chumbani kwake, na anamshuku rafiki yake Haitham anayeingia na kutoka nyumbani humo. Mwanamkasi na koplo wake wakapanda ngazi za jumba la Michenzani anakokaa Haitham na mama yake. Pakiti ilikuwamo begini, imezungushiwa shati. Haitham alitazama begi, akawatazama wao, akasema, "Sikuiba." Toka hapo hakusema neno jingine. Hakusema alipewa, hakusema alinunua, hakusema aliokota. Mwizi ana maelezo siku zote, na mara nyingi ana mawili. Huyu hakuwa na hata moja, na hicho ndicho kilichomtoa Mwanamkasi ofisini.

"Nifundishe mchezo," alimwambia Hamed.

Hamed alifurahi. Alikuwa mmoja wa wale watu ambao ukiwauliza saa wanakueleza saa inavyotengenezwa.

"Unaitwa Milki. Si kama wahedi wa sitini, kwamba karata ni zile zile kwa kila mtu. Hapa kila mmoja anakuja na pakiti yake, kaipanga mwenyewe kwao. Karata arobaini, na aina moja haizidi tatu. Wengi wetu tunapanga askari na majumba. Unajenga polepole, unamzingira mwenzako, mchezo unakwenda saa nzima. Sasa hii." Alizitandaza juu ya meza. "Hii haina askari hata mmoja."

"Basi inashinda kwa nini?"

"Kwa mbio. Tazama. Huyu sisi tunamwita Mpishi. Tunawapa watoto wachezee. Kazi yake ni kukuruhusu kutupa karata zako za mkononi bila ya kulipa kitu. Nani anataka kutupa karata zake? Lakini hiki Kisima kikishakaa mezani, kila unayoitupa kinakuletea mbili. Na huyu Mrudisha anakurudishia ulizozitupa. Unatupa, unavuta, unarudisha, unatupa tena. Mwenzako kakaa anakukodolea macho tu. Pakiti nzima inapita mkononi mwako kwa zamu moja, na mwisho wake inakuja hii." Alikiweka kidole chake juu ya karata ya buluu. "Gharika. Ukiwa ushatupa kumi ndani ya zamu hiyo, Gharika inaizamisha milki ya mwenzako. Naye hata ukuta hajasimamisha."

"Zamu ya ngapi?"

"Ya pili. Ukikosea, ya tatu."

Mwanamkasi alizipitia karata zote, polepole, kisha akarudia. "Umesema aina moja mwisho tatu. Wapishi wapo watatu. Gharika naiona moja."

"Ndipo penye akili hapo." Hamed aliinama, sauti ikashuka kama anayesema siri ya nyumba ya watu. "Kama pakiti nzima inapita mkononi, ya nini kuweka tatu? Moja itakuja tu. Hizo mbili zikija mapema zitakukalia mkononi bure. Lakini kuitoa Gharika kwenye pakiti kunataka moyo, afande. Watu wameibadilisha kwa baiskeli hiyo. Mimi nnazo tatu na zote tatu nimezitia, na baada ya kuiona hii nshajua kuwa mimi si mpangaji."

"Mpangaji ni nani?"

"Qais anasema yeye."

"Wewe unasemaje?"

Hamed alizikusanya karata, akazipigapiga ukingo mezani mpaka zikawa sawa. "Mimi nimemfunga Qais mara mbili na pakiti hii anayo yeye. Ana pupa. Anamtoa Mpishi kabla ya Kisima, anatupa karata zake na hapati kitu. Haitham alikuja nayo hapa Jumapili. Hata kiti sijakikalia vizuri kashanifunga."

Basi Haitham ndiye mpangaji, Mwanamkasi alijiambia, na pakiti ni yake, na huo wizi haukuwapo. Ilikaa vizuri. Ila kama ni yake, kwa nini asiseme?

"Haitham ananitengenezea mashine zote hizi," Hamed aliendelea bila ya kuulizwa. "Mji mzima wanampa. Akishahukumiwa kwa wizi, nani atamwachia kompyuta yake?" Akatazama pembeni. "Hata mimi nitaona tabu, nisikufiche. Na mimi nnamjua."

Alikuwa anaona haya, na Mwanamkasi alimwonea huruma, maana alikuwa mkweli.

Aliichukua karata ya juu akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kila karata ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni nyembamba, ile inayofungiwa mashati mapya. Nailoni imekatwa kwa kipimo, imekunjwa, na ncha zake zimeshonwa kwa uzi mweupe.

"Mifuko hii mnanunua?"

"Ya kununua ipo Dubai. Ya kushona nimeiona kwenye pakiti hii tu."

Mwanamkasi alikulia Paje, ambako mama yake alikuwa akirudi kwenye mwani na miguu imesinyaa kwa maji ya chumvi, anakaa barazani na kofia mkononi. Yeye mwenyewe alishona kofia mpaka siku alipoitwa kazini. Aliujua mshono wa kofia kama anavyojua kufunga viatu, na alijua kwamba washonaji wawili hawafanani mkono. Mshonaji huyu kila alipomaliza ukingo alizungusha uzi mara mbili, akaulaza upande wa kushoto. Kwenye karata zote ilikuwa hivyo hivyo. Mkono wenye subira, usiochoka.

Haitham alikuwa na vidole vilivyoungua kwa kulehemu nyaya. Hakushona hii.

"Ahsante, Hamed," alisema, akaitia pakiti kwenye bahasha yake ya kielelezo.

"Nimesaidia?"

"Umesema mengi," alisema Mwanamkasi, na Hamed akaridhika.

*

Bi Thuwaiba, mjane wa Darwesh, alimpokea Mwanamkasi juu kabisa ya ngazi, na ngazi za nyumba ile ya Malindi zilikuwa ndefu na kiza. Zamani nyumba hiyo ilikuwa na mashamba ya karafuu nyuma yake. Siku hizi ilikuwa na mpangaji anayeuza magodoro na mito ghorofa ya chini, na adabu ile ile ya zamani ghorofa ya juu.

"Shikamoo, Bi Thuwaiba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Mwenyezi Mungu akulipe kwa kazi uliyoifanya. Kumla mtu chumvi yake kisha ukamwibia!" Alimshika mkono akaubana. "Lakini atajuta. Na aliyejua akanyamaza naye atajuta. Ngoja nikuletee kahawa. Qais yumo chumbani mwake, hatoki, hali, sijui ana nini."

Mwanamkasi alijua ana nini, au alianza kujua. Qais alikuwa amekaa kitandani, kijana mzuri wa sura, amevaa kanzu na kofia, na sahani ya chakula cha mchana ipo kwenye kiti haijaguswa. Juu ya meza palikuwa na kopo la biskuti lililojaa karata. Alisimama alipomwona, kisha akakaa kabla ya kuambiwa.

"Nimekuja kumalizia maelezo," alisema Mwanamkasi. Aliitoa pakiti akaiweka katikati yao. "Hii ni yako?"

"Yangu."

"Umeipanga wewe?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu, afande."

"Wapishi watatu wa nini?"

Qais aliramba midomo. "Wanasaidia."

"Wanasaidia nini?"

"Wanasaidia kutupa."

"Na Gharika, kwa nini moja?"

"Sikupata nyingine. Ni adimu sana. Hapa Unguja hazipatikani."

Mwanamkasi alilivuta kopo la biskuti. "Naruhusiwa?" Hakungoja jibu. Gharika mbili zilikuwa juu juu, hazina mfuko, buluu yao haijafifia. Aliziweka pembeni mwa pakiti. "Na hizi?"

"Hizo... hizo nimezipata juzi."

"Kwa nani?"

Qais alijifuta uso kwa mkono wa kanzu. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo.

"Mtu aliyeipanga pakiti hii alikuwa nazo tatu," alisema Mwanamkasi, "akatoa mbili kwa kusudi, na anajua kwa nini. Wewe hujui. Vua kofia yako."

"Afande?"

"Kofia. Nipe."

Aliivua. Mwanamkasi aliigeuza ndani nje, akaiweka chini ya dirisha, na karata moja pembeni yake. Hakuhitaji muda. Uzi mara mbili, umelazwa kushoto.

"Kakushonea nani kofia hii?"

"Nimenunua Darajani."

"Usinidanganye kwa kofia, Qais. Kwa kitu kingine hwenda ukaweza." Alimrudishia. "Nyumba hii ina wanawake wawili. Mama yako alipokwenda kutia kahawa nimemwona anapapasa sinia akitafuta kikombe. Hawezi uzi huu."

"Usimtaje," Qais alisema.

"Sijamtaja mtu."

"Anaolewa mwezi wa mfungo tatu. Mchumba yuko Maskati, ni mtoto wa ami yetu, washatuma kila kitu." Maneno yalikuwa yanamtoka haraka sasa, kama mtu anayeteremka ngazi zile gizani na hawezi kusimama. "Ukimtaja Afra tumekwisha. Nakuomba. Haitham hatasema, mimi sitasema, na wewe usiseme."

"Na Haitham aende jela?"

"Haendi jela kwa karata."

"Anakwenda mahakamani kesho, na akitoka huko ataitwa mwizi mpaka azikwe. Ulilijua hilo ulipokuja kwangu?"

Qais alijifunika uso kwa viganja. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Nilikuwa natoka kusali. Nikaona kapu letu linashuka dirishani kwa kamba. Kila siku linashuka, mama anamteremshia muuza mikate pesa. Nikaona Haitham ndiye anayetia mkono. Akatoa pakiti, akatazama juu, akacheka. Afra naye nikamsikia anacheka. Jirani alikuwapo barazani. Nikajua keshokutwa mji wote utasema. Lazima niseme kitu kabla yao, na ningesema nini? Kwamba dada yangu anamteremshia kijana wa Michenzani kapu? Wizi unasemeka, afande. Ukisema wizi, mtu hakuulizi zaidi."

"Mimi sikukuuliza zaidi," Mwanamkasi alisema, na aliona uchungu kulisema. "Ulikuwa na rafiki yako tangu lini?"

"Darasa la nne."

"Na ni kwa ajili ya heshima ya dada yako tu?"

Alilingoja jibu hilo. Kwa maoni yake, hapo ndipo ilipokuwa kesi yote.

"Angenipa mimi," alisema Qais. "Karata zote nimemletea mimi, moja moja, nimebembeleza watu mpaka Mombasa. Yeye anakaa humu ndani anapanga, mimi natoka nazo. Tulikuwa hivyo. Kisha nikafungwa na Hamed, nikafungwa tena, akaniambia pakiti haina kosa, kosa ni langu. Akampa Haitham." Akapangusa uso. "Alipoichukua alishinda siku hiyo hiyo."

Pazia la mlangoni lilisogea. Msichana aliyesimama pale alikuwa na kitambaa cha kazi begani na sindano imechomekwa kifuani, na macho mekundu ya mtu ambaye usingizi umemkataa.

"Hamjambo," alisema Afra. "Nimesikia. Ukuta huu si kitu."

"Rudi ndani," alisema Qais.

"Nimerudi ndani tangu juzi." Alikaa kwenye mkeka, mbali kidogo na karata, ila jicho lake lilizipitia na mkono wake ukanyooka kuipanga sawa moja iliyopinda, kisha akaurudisha. "Pakiti nimeipanga mimi, afande. Mwaka mzima nimeipanga. Kwanza ilikuwa na askari, nikawatoa mmoja mmoja, kila nikimtoa mmoja inakwenda mbio zaidi. Nilitaka nijue itafika wapi mkononi mwa mtu mtulivu. Mimi siwezi kwenda Mkunazini kukaa na wanaume. Basi nikampa. Hakuiba. Sisi hatujapata kuzungumza ila karata, kwenye simu, meseji za karata tu."

"Hilo sikuulizi."

"Utaulizwa na watu." Alivuta pumzi. "Juzi nilisikia koplo wako anamwambia mama hapo ngazini kuwa Haitham kalazwa sakafuni. Nikakaa nikaendelea kushona nguo yangu ya harusi. Nilimaliza mkono mzima wa nguo. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nilikuwa sifikiri, nilikuwa naogopa."

Hakulia, na Mwanamkasi alishukuru. Alilitoa faili.

"Nahitaji maelezo yako kwa maandishi, Afra, na sahihi yako. Nikiwa nayo, namtoa leo leo."

"Yatasomwa?"

"Yanakaa kwenye jalada, na jalada linakaa kabatini." Kisha, kwa kuwa mbele yake palikuwa na mtu mwenye akili, akaongeza, "Lakini mji huu unavyojua makabati, yatasomwa."

Afra aliitikia kwa kichwa.

"Iwe leo," Qais alisema ghafla. "Iwe kabla ya kesho. Kesho baada ya sala ya Ijumaa mama anasomesha halbadiri."

Mwanamkasi aliacha kuandika. Alikuwa ofisa wa upelelezi, amesomea kazi yake Bara na ana vyeti. Hata hivyo hakuna mtu wa Unguja, mwenye cheti au asiye nacho, anayelisikia neno lile akacheka. Walimu wanakaa, ubani unafukizwa, yanasomwa majina ya watu wa Badri, na anaombewa balaa aliyedhulumu, popote alipo, bila ya kutajwa. Kutajwa hakuna haja. Anatafutwa na dhulma yake mwenyewe.

"Ndiyo maana huli," alisema.

"Halbadiri haimpati Haitham, afande. Hakufanya kitu. Inarudi humu humu." Qais alimtazama dada yake, na mara hii hapakuwa na hasira usoni pake, ilikuwa hofu tupu. "Mimi nimesema uongo, huyu kanyamaza."

"Basi leo bado ipo. Mwambie mama yako asitishe."

"Nisitishe nini?"

Bi Thuwaiba alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Afra ndiye aliyesema, akiwa amekaa pale pale mkekani, macho yake kwenye miguu ya mama yake.

"Haitham hakuiba, mama. Nilimteremshia mimi kwenye kapu. Qais aliona, akaenda kusema wizi."

Bi Thuwaiba aliliweka sinia chini taratibu, kwa uangalifu mkubwa kuliko lilivyohitaji. Vikombe havikulia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, pembeni mwa sahani ya mwanawe.

"Nshasoma," alisema.

"Si umesema kesho, mama," alisema Qais.

"Mwalimu wa Jang'ombe ana safari kesho. Akanambia tusingoje Ijumaa. Ikasomwa jana, baada ya alasiri. Sikukwambieni, jambo kama lile halitangazwi nyumbani." Alikuwa anasema na ukuta. "Nikanuia aliyechukua, na aliyemsaidia, na aliyejua akanyamaza. Mwalimu akaniuliza, Bi Thuwaiba, hata akiwa wa kwenu? Pale pamejaa watu. Nikaona wasije wakasema nnawalinda wangu. Nikasema hata akiwa wa tumbo langu. Wote wakaitikia amin."

Nje muuza mikate alipita akiita, na hakuna aliyelikumbuka kapu.

"Haiondoki?" Qais aliuliza.

"Inaondoka kwa radhi ya aliyedhulumiwa. Mwalimu alisema hivyo, na atajwe kwa jina lake kila anayeradhiwa." Sasa alimgeukia mwanawe. "Nilikuwa nadhani aliyedhulumiwa ni wewe."

Alinyanyuka. Magoti yake yalikuwa mabovu na ilimbidi ashike meza ya karata.

"Afra, vaa buibui lako. Mtoto wa watu kalala kwenye saruji."

*

Kituoni, maelezo ya Afra yalijaa karatasi moja na nusu. Aliyasoma, akasahihisha neno moja, akatia sahihi. Mwanamkasi akaandika chini yake kwamba mshtakiwa aachiwe bila ya masharti, akamtuma koplo na funguo.

Haitham alitoka akiwa amejishika suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda wake ulikuwa kwenye bahasha. Alisimama mbele ya kaunta. Akawaona.

"Shikamoo, Bi Thuwaiba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nani kasema?" Haitham alimwuliza Mwanamkasi.

"Mwenyewe."

Alimtazama Afra, ambaye alikuwa anatazama sakafu. "Ulikuwa usiseme."

"Najua."

"Harusi je?"

"Sijui."

Bi Thuwaiba alisogea mpaka akaishika kaunta. Hakuwa amepata kuingia kituo cha polisi maisha yake yote, na alisema kwa sauti ya chini, ili wale askari wawili wa zamu wasisikie, na wote wawili wakasikia. "Nimekuja kukuomba radhi. Nimekusomea halbadiri na huna kosa."

"Kumbe," alisema Haitham. "Na mimi nilidhani mgongo unaniuma kwa saruji."

Yeye mwenyewe akaona haya kwa mzaha ule. Akaweka mkono wa pili kifuani.

"Niko radhi nawe, Bi Thuwaiba. Umenilisha miaka mingi. Na Afra niko radhi naye, ingawa sijui la kumradhia."

"Mimi ndiye niliyetia sahihi uwekwe ndani," alisema Mwanamkasi. Hakuwa amepanga kulisema mbele ya koplo.

"Ulikuta pakiti begini mwangu, afande. Ungefanyaje?"

Koplo alimmwagia vitu vyake juu ya kaunta: mkanda, simu, bisibisi ndogo, ndara. Haitham aliuchukua mkanda akaupitisha kwenye tundu za suruali, moja baada ya moja, bila ya haraka. Qais alikuwa amesimama pale mlangoni tangu walipoingia. Alikuwa ameivua kofia na ameishika kwa mikono miwili, na kila Haitham alipoinua uso, yeye alifungua mdomo. Mwanamkasi alimwona akijaribu mara tatu. Lakini Haitham hakuinua uso upande ule. Alitia simu mfukoni, akavaa ndara.

"Haitham, mwanangu," alisema Bi Thuwaiba.

"Naam, Bi Thuwaiba."

"Nilikuja kwa watatu."

"Nshasikia," alijibu, kwa adabu kabisa.

Akaenda zake. Mlango ulikuwa mwembamba, akapita ubavuubavu asije akamgusa Qais bega, akateremka ngazi za kituo na kushika njia ya Michenzani. Bi Thuwaiba alitoka nyuma yake. Walimsikia anamwita jina lake barabarani, mama wa Malindi aliyezoea kuitikiwa, na walipochungulia alikuwa anakwenda kasi kadiri magoti yake yalivyomruhusu, buibui limemlegea begani. Kijana hakukimbia wala hakupunguza mwendo.

Afra alimfuata mama yake. Qais alibaki.

Mwanamkasi alichukua karatasi nyingine ya maelezo. Kosa la kutoa taarifa ya uongo lina kifungu chake na alikijua kwa moyo.

"Kaa," alimwambia.

"Afande, nikimaliza hapa nikamfuate?"

"Ukamwambie nini?"

Qais aliitazama njia. Mama yake alikuwa hajamfikia.

"Mimi sijamwomba," alisema. "Wote mmemwomba, mimi sijamwomba bado."